Shajara ya mradi: kuwafundisha wapenzi wa nyota kupima giza la usiku

Kabla ya usiku wa kwanza

Waliojiandikisha ni watu wa kila aina. Wapo wenye darubini ndogo, wapiga picha, walimu, na mmoja asiye na chombo chochote ila hukesha akihesabu vimondo. Lalamiko lao ni moja: nyota zinapungua. Malalamiko tunayo tele, namba ndizo hatuna. Mradi unataka kuwatoa kwenye "siku hizi anga limeharibika" uwafikishe kwenye jedwali ambalo mtu asiyewajua, aliye mbali, atalifungua, atalielewa bila kumuuliza mtu, na ataliamini.

Hesabu moja nimeibandika mahali pa kuonekana na kila mtu. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa Christopher Kyba na wenzake, uliojengwa juu ya ripoti zaidi ya 51,000 za watu wa kawaida waliotazama anga kwa macho kati ya 2011 na 2022. Waliona kwamba mng'ao wa anga uliongezeka kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka, kasi inayotosha kuuzidisha mara mbili katika muda usiofika miaka minane. Geuza hiyo asilimia 9.6 kuwa magnitudo, kipimo cha mwangaza cha wanaastronomia: ni 0.1 tu. Halafu chukua kifaa cha mkononi ambacho wengi wetu wanacho, SQM (Sky Quality Meter, kipima mwangaza wa anga la usiku) ya kampuni ya Unihedron ya Kanada. Usahihi wake uliotajwa na mtengenezaji ni asilimia 10, yaani 0.1 hiyo hiyo. Kwa hiyo badiliko la mwaka mzima linaweza kumezwa na tofauti ya vifaa viwili vilivyotoka kiwandani pamoja, hata kabla ya uzembe wa mpimaji kuingia.

Kubonyeza kitufe hakuhitaji mafunzo. Muda wetu karibu wote utakwenda kwenye mambo yanayokizunguka kitufe hicho.

Mwezi unakua, tuko darasani

Mbalamwezi ikiwa juu hakuna kipimo cha maana cha mwanga wa taa, kwa hiyo siku hizi ni za ubao na chaki. Tumeanza na kipimo chenyewe, magnitudo kwa sekunde ya tao mraba, jina linalowatisha watu kuliko inavyostahili. Chukua kipande cha anga chenye upana na urefu wa sekunde moja ya tao, ambayo ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Kusanya mwanga wake wote kana kwamba umetoka kwenye nyota moja. Magnitudo ya nyota hiyo ndiyo namba yetu.

Namba ikiwa kubwa, giza ni zito. Hapa kila kundi hujikwaa, na hili letu limejikwaa pia. Anga lisiloguswa na taa, usiku usio na mwezi, hukaribia 22. Katikati ya miji mikubwa hukuta 18, au 17. Watu husikia "22 na 18" wakadhani ni tofauti ndogo. Lakini tangu Norman Pogson alipopendekeza kanuni yake mwaka 1856, magnitudo tano ni mara 100 kamili za mwanga, na moja ni mara 2.5 na kidogo. Tofauti ya nne ni karibu mara 40. Nimewaacha waikokotoe wenyewe kwa simu zao, na ukumbi ulinyamaza kidogo namba ilipotokea.

Kisha wastani. Mmoja wetu, mzoefu wa vitabu vya hesabu, alipewa vipimo viwili vya mfano, 21 na 19, akasema 20 kabla sijamaliza swali. Tuliifuata hatua kwa hatua. Anga la 19 linamwaga mwanga zaidi ya mara sita ya lile la 21. Ukivigeuza vyote viwili kuwa mwanga, ukatafuta wastani wake, ukarudi kwenye magnitudo, unapata 19.6. Tofauti ya 0.4 imezaliwa kwenye karatasi, hakuna taa iliyowashwa wala kuzimwa, na kwa kasi ile niliyoibandika ukutani hiyo ni sawa na miaka minne ya ongezeko. Vipimo vikiwa karibu karibu, mathalani 20.95 na 21.01, njia zote mbili huleta jibu lilelile, na ndiyo sababu kosa hili huishi kwa watu miaka mingi bila kugunduliwa. Tumekubaliana: ndani ya seti moja ya vipimo tunachukua kile cha katikati, na usiku mmoja hauchanganywi na mwingine kwenye wastani kabisa.

Mizani ya Bortle imeulizwa, kama inavyoulizwa kila mara. John Bortle aliitoa katika jarida la Sky & Telescope mwaka 2001, madaraja tisa kutoka giza safi kabisa hadi anga la katikati ya jiji, na kwa mazungumzo ni nzuri mno. Ila nimeona watu wanavyolipandisha daraja eneo wanalolipenda na kulishusha la jirani. Kwenye fomu yetu haimo.

Giza la mwezi, macho kwanza

Vifaa vimebaki kwenye mabegi usiku huu kwa makusudi. Nataka mtu ajue kwanza jicho lake linaona nini, kwa sababu ripoti zile 51,000 zilitoka kwenye macho, na kwa sababu asiyelijua anga vizuri kwa macho hatajua kifaa kinapomdanganya.

Tumetumia utaratibu wa Globe at Night, mradi ulioanza mwaka 2006 na ambao yeyote mwenye macho na saa anaweza kushiriki. Unatafuta kundinyota la msimu, Orion au Leo au Scorpius kutegemea mwezi wa mwaka na mahali ulipo, kisha unalilinganisha na michoro inayoonyesha kundinyota hilo katika anga za giza tofauti, ya kwanza ikiwa na nyota chache tu angavu na ya mwisho imejaa vumbi la nyota hafifu. Unachagua mchoro unaofanana zaidi na unachokiona. Watu walitaka kuhesabu nyota moja moja, nimewakataza. Swali ni lipi linafanana, basi.

Tulisubiri Jua lishuke digrii 18 chini ya upeo, maana kabla ya hapo bado lina mwanga wake kwenye hewa ya juu. Kusubiri huko kuliwachosha wengine, na hapo ndipo somo lenyewe lilipojitokeza. Wawili walisimama bega kwa bega, wakitazama upande mmoja. Mmoja alichagua mchoro wa magnitudo 5, mwenzake wa 4. Yule wa pili alikuwa ametoka kujibu ujumbe kwenye simu. Chembe za jicho zinazofanya kazi gizani huhitaji dakika 20 hadi 30 kufikia nguvu yake, na kioo cheupe cha simu huzirudisha nyuma papo hapo. Tulimngoja. Baadaye naye akachagua 5, akatuomba tuandike majibu yake yote mawili, na tumeyaandika, la kwanza likiwa na maelezo ya kilichotokea.

Jambo jingine lililowashangaza wageni: katikati kabisa ya jicho chembe hizo hazipo, kwa hiyo nyota hafifu huonekana ukitupa jicho pembeni yake na hutoweka ukiikodolea. Wazoefu wa darubini wanalijua hili tangu zamani. Waliojifunza usiku huu walicheza nalo muda mrefu, nikawaacha.

Usiku wa vifaa

Hili ndilo jambo nililolisubiri. Kila mwenye kifaa amekileta, vimepangwa kwenye meza moja katikati ya uwanja wazi, vyote vikitazama utosini mwa anga.

Kwanza namna ya kupima. Kihisi cha SQM hugeuza mwanga kuwa mapigo, na kifaa huyahesabu. Kwenye anga angavu jibu hutoka mara moja. Kwenye giza zito mapigo huja kwa kuchelewa na unasubiri, mkono umeinua kifaa juu ya kichwa ili mwili wako usikizibe wala nguo nyeupe isikirushie mwanga. Wasio na subira hushusha mkono kutazama kama kimemaliza, na hapo wamepima shati lao. Tarakimu nyekundu zikitokea, msomaji husema kwa sauti, mwandishi huandika. Watu wawili kwa kila kifaa, hakuna anayefanya yote mwenyewe.

Kipimo cha kwanza hatukihesabu. Kifaa kimetoka kwenye begi au mfukoni, kina joto la mwenye nacho, na kinahitaji muda kizoee hewa ya nje. Baada ya hapo tunachukua vinne, tukigeuka robo mzunguko kila mara. Ikiwa vinatofautiana kwa zaidi ya 0.2, kuna taa inayotuchungulia kutoka upande fulani, na tunatafuta mahali pengine pa kusimama. Usiku huu ilikuwa taa ya ulinzi nyuma ya miti, haionekani mpaka uchuchumae.

Namba zenyewe: vifaa vyenye lenzi, aina ya SQM-L, vilikaa kati ya 20.8 na 20.9, vikipishana kidogo tu. Vile vya zamani visivyo na lenzi vilisoma anga kuwa angavu zaidi, na ubishi ukaanza hapo hapo, kila mwenye kifaa akitetea chake. Hakuna aliyekosea. Kifaa kisicho na lenzi hukusanya mwanga kutoka pembe pana, takriban digrii 84, hivyo kinaonja pia sehemu za anga zilizo chini, karibu na kuba la mwanga la mji. Chenye lenzi huchukua kama digrii 20 tu. Vinapima vitu viwili tofauti, kwa hiyo aina ya kifaa lazima iandikwe pembeni ya kila namba. Tumekubali kwamba jedwali la aina moja halitachanganywa na la aina nyingine.

Kifaa kimoja cha lenzi kilitoa 21.0 kila mara, kwa uthabiti wa ajabu. Mwenyewe alifurahi: eneo lake limekuwa likionekana lenye giza kuliko ya wenzake tangu akinunue. Tulimulika dirisha lake kwa tochi hafifu tukakuta limefifia na kuchubuka. Glasi inayozuia mwanga hulifanya anga lionekane jeusi, na kifaa hakina namna ya kujua. Hatukukitupa. Tumekibandikia karatasi yenye namba yake ya utambulisho na tofauti yake dhidi ya kifaa tulichokiteua kuwa rejea, kama tulivyofanya kwa vyote. Namba ghafi inabaki kama ilivyosomwa. Marekebisho yanakaa kwenye safu yake ya peke yake. Atakayekuja baadaye na njia bora ya kurekebisha atahitaji kilichosomwa, si kilichosafishwa.

Huyu mwenye dirisha lililochubuka amekuwa, tangu usiku huo, ndiye anayekagua vifaa vya wengine. Hakuteuliwa na mtu.

Mwezi mpevu, namba mezani

Tumepima mara moja chini ya mwezi mpevu ili kila mtu aone kwa macho yake kwa nini tunaukwepa, kisha tukarudi kwenye meza.

Fomu zilizorudi zinasomeka kama barua. Mmoja ameandika "saa 3 usiku", mwingine 21:00, wa tatu amefuata saa ya kamera ambayo haijarekebishwa tangu itoke dukani. Sasa ni UTC tu, saa ya pamoja ya dunia nzima, kwa saa 24, na anayetaka kuandika ya kwake aiandike kwenye maelezo. Mahali pia: "shambani kwa mjomba" imefutwa, ni latitudo na longitudo kutoka kwenye simu. Mawingu kwa sehemu za nane. Aina na namba ya kifaa. Nani alisoma, nani aliandika.

Mjadala mkali ulikuwa juu ya namba za ajabu. Katika seti moja iliyokaa vizuri karibu na 20.7 kulikuwa na 16.4 iliyosimama peke yake, bila maelezo yoyote. Nusu ya meza ilitaka ifutwe. Mwandishi wa seti hiyo alikumbuka kwamba gari lilipita, lakini alikumbuka baada ya kuulizwa, na kumbukumbu inayoletwa na swali siiamini sana. Tumeiacha, tumeiwekea alama, na haimo kwenye hesabu ya katikati. Sababu yangu ni hii: ukiwapa watu ruhusa ya kufuta namba wasizozipenda, baada ya muda watafuta pia zile zisizolingana na wanachokitaka, na wengi wetu tumekuja hapa tukitaka anga lionekane linaharibika. Jedwali lisilo na namba hata moja ya ajabu hunitia shaka kuliko lenye nazo.

Na kuna lingine, zuri zaidi. Mshiriki mmoja alileta vipimo vya zamani vya nyuma ya nyumba yake vikionyesha giza limeongezeka kwa 0.3 ndani ya miezi michache. Hapo katikati taa za barabarani zilikuwa zimebadilishwa, na alikuja na shukrani zake tayari. Tulifungua Stellarium, programu inayochora anga la usiku wowote, tukaweka tarehe na saa za vipimo vyote viwili. Mara ya kwanza Njia Nyeupe ilikuwa imepita utosini kabisa. Mara ya pili ilikuwa imelala chini. Mahali penye giza, mkanda huo wa nyota peke yake hubadilisha kipimo kwa sehemu kadhaa za kumi. Huenda taa mpya zimesaidia, huenda hazikusaidia, vipimo hivyo haviwezi kusema. Tangu sasa tunalinganisha usiku ambao nyota zilezile ziko utosini.

Hapo ilibidi tuzungumzie mwanga ambao si wa mtu yeyote. Anga halina weusi kamili hata ukizima taa zote duniani. Oksijeni iliyo karibu kilomita 100 juu hutoa mwanga wa kijani, sodiamu iliyo chini yake kidogo hutoa wa manjano, na nguvu ya mng'ao huo hupanda na kushuka pamoja na shughuli za Jua zinazozunguka kwa miaka 11 hivi. Mtu anayeanza kupima wakati Jua limechangamka na kumaliza likiwa limetulia ataona giza likirudi, na anaweza kuwapongeza watu wasiohusika.

Giza lililofuata, barabara itokayo mjini

Zoezi la nje sasa: kupima kwenye vituo mfululizo tukitoka pembezoni mwa mji kwenda mbali, barabara moja, usiku mmoja, kifaa kimoja. Lengo ni kuijaribu kanuni ya Merle Walker, mwanaastronomia wa Marekani ambaye katika miaka ya 1970 alipima miji ya California na kuona kwamba mng'ao wake angani hupungua kwa umbali ulioinuliwa kwa kipeo cha 2.5. Ukienda mara mbili ya umbali, mng'ao wa mji unagawanywa kwa 5.7 hivi.

Kabla ya kuchora chochote ilibidi tutoe sehemu ya asili. Tukikisoma kituo 21, mwanga wake wote ni mara 2.5 ya anga la asili la 22. Moja kati ya hizo 2.5 ni ya nyota na hewa, 1.5 ni ya taa. Walker alizungumzia hiyo 1.5. Wengi husahau hatua hii, na mchoro wao hujipinda karibu na mwisho, kisha wanailaumu kanuni.

Wetu ulinyooka vizuri kwenye vituo vya kwanza, halafu ukagoma. Vituo vya mbali vilikuwa angavu kuliko kanuni ilivyotaka. Mmoja aligeuka nyuma akaonyesha kwa kidole: kuba jingine la mwanga, dogo, nyuma ya vilima, la mji ambao hakuna aliyeufikiria. Tulikuwa tunatoka kwenye taa za mmoja tukielekea kwenye za mwingine. Watu walisikitika kuona mstari wao umeharibika. Mimi niliona usiku umelipa, maana hakuna ramani ya darasani iliyokuwa imewaonyesha hilo kwa uwazi huo.

Umande ulikuwa mzito. Lenzi ifutwe kila kituo, kwa kitambaa kikavu, na iandikwe kwamba imefutwa.

Usiku wa mawingu

Hakukuwa na mpango wa kupima, ila kundi dogo lilitoka hata hivyo, na vizuri. Mjini mawingu hugeuka dari inayorudisha chini mwanga wa taa. Mbali na taa huzima nyota na kulifanya anga jeusi kuliko la asili. Utafiti uliofanyika Berlin na kuchapishwa mwaka 2011 uliona anga lililofunikwa likiwa angavu mara 10.1 ya anga safi ndani ya jiji, na mara 2.8 umbali wa kilomita 32 kutoka katikati. Vijana wetu hawakupata namba hizo, wala hawakutarajiwa kuzipata, ila mwelekeo ulikuwa huo huo. Vipimo vya mawingu vina faili lake. Visiingie kwenye mfululizo wa anga safi, lakini visitupwe: viumbe wanaoishi usiku hawachagui usiku usio na mawingu.

Setilaiti na taa nyeupe

Swali lilikuwa lazima lije: kwa nini tujisumbue wakati setilaiti inaona dunia nzima? Kihisi cha VIIRS, kilichorushwa pamoja na setilaiti ya Suomi NPP mwaka 2011, kimefanya kazi kubwa, na ramani zake ndizo wengi wanazozijua. Lakini kinatazama kutoka juu, kinapita baada ya saa sita usiku wakati taa nyingi zimeshazimwa, na kwa bendi yake ya usiku hakioni mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 500. Taa nyeupe za LED zina kilele chao cha buluu karibu na 450. Mji ukibadilisha taa za sodiamu za rangi ya chungwa ukaweka hizo, setilaiti inaweza kuripoti kwamba umefifia huku mtu aliye chini akiona anga limekuwa jeupe.

Buluu ina tabia nyingine mbaya. Hewa hutawanya mwanga kwa kinyume cha urefu wa wimbi ulioinuliwa kwa kipeo cha nne. Tuligawanya 589, manjano ya sodiamu, kwa 450, tukainua kwa nne: karibu 3. Yaani buluu hiyo hutawanywa na hewa safi mara tatu kuliko manjano, na unaotawanywa ndio unaotuangukia kutoka angani. Hata SQM haioni rangi sawasawa na jicho, kwa hiyo mtaa ukibadilisha aina ya taa, kifaa na jicho vinaweza kuachana. Tumeongeza safu ya aina ya taa zilizo karibu na kituo, na ripoti ya macho itaendelea kuchukuliwa pamoja na ya kifaa kila mara. Waliodhani usiku ule wa macho ulikuwa wa kujifurahisha wamekubali yaishe.

Kinachofuata

Baadhi ya waliofunzwa sasa wanafundisha. Nimekaa nyuma nikisikiliza mmoja akieleza kwa nini kipimo cha kwanza hakihesabiwi. Alilifupisha vizuri kuliko mimi. Mwingine aliwaambia wageni wavae nguo nyeusi, jambo ambalo halimo kwenye mwongozo. Limeingia.

Kituo cha kudumu kinatayarishwa: kifaa kinachojirekodi chenyewe usiku kucha, ndani ya kasha lisilopitisha maji lenye kifuniko cha glasi. Faida yake ni kwamba kitaonyesha anga linavyotulia kadiri watu wanavyozima taa na kulala, jambo ambalo vipimo vya mkononi vya saa moja au mbili haviwezi. Hasara yake ni jua la mchana, linalochosha glasi na kihisi kidogo kidogo, na kifaa kinachozeeka huripoti giza linaloongezeka. Kwa hiyo kila giza la mwezi, mtu atapanda na SQM-L ya rejea, ataosha glasi, atapima kabla na baada ya kuosha, na kuandika zote mbili. Orodha ya zamu imebandikwa. Nafasi mbili bado ziko wazi.